Kengele ya Lango na Chakula Chake

Mkulima, jiulize swali moja leo. Mtu akifungua lango la zizi lako saa nane za usiku, wewe utajua saa ngapi? Wengi watajibu, "Nitajua asubuhi, nitakapokwenda kukama." Jibu hilo ni la hasara. Asubuhi ng'ombe amekwisha kuvuka mto au amekwisha kupakiwa garini, na nyayo zake zimekwisha kukanyagwa na watoto waendao shule.

Tangu mwaka wa 1962, Serikali ilipoanza mpango wa Ekari Milioni Moja wa kuyagawa mashamba makubwa ya nyanda za juu, familia nyingi zimefanya makao Kinangop, Ol Kalou, Lugari na sehemu nyingine za makazi. Katika mashamba hayo nyumba mara nyingi haiko karibu na barabara. Lango liko kule, nyumba iko huku, na katikati kuna mahindi au majani ya ng'ombe. Hii ni raha mchana, bali usiku ni nafasi ya mwizi. Na ng'ombe wa gredi si ng'ombe tu. Ni maziwa ya kila siku, ni karo ya shule, na pengine ndiye aliyewekwa dhamana ya mkopo.

Mbwa ni mlinzi mwema, wala hatusemi umfukuze. Lakini mbwa hutupiwa nyama yenye sumu akanyamaza. Kwa hiyo wakulima wengi wanaulizia kengele ya lango isiyo na waya, ambayo siku hizi huuzwa katika maduka ya vifaa vya stima. Ni chombo chema, lakini kama ng'ombe, yataka ichaguliwe vizuri na ilishwe vizuri. Kengele nyingi hazishindwi na wezi. Hushindwa na njaa ya betri, au hulia ovyo mpaka mwenyewe akaizima kwa hasira. Basi soma shauri hili kabla hujatoa pesa mfukoni.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Kengele hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni jicho, ambalo hukaa langoni au njiani. Ya pili ni kengele yenyewe, ambayo hukaa ndani ya nyumba. Jicho likimwona mtu hupeleka habari kwa mawimbi ya redio, na kengele hulia. Hakuna haja ya kuchimba mtaro wala kununua waya wa mita mia mbili.

Mwizi haogopi kengele hiyo, maana hulia chumbani kwako. Faida yake ni dakika chache. Badala ya kujua saa kumi na mbili asubuhi, unajua wakati ule ule lango linapofunguliwa. Dakika hizo ndizo unazozinunua.

CHAGUA JICHO LIFAALO

Kuna macho ya namna nne, na kila moja lina kazi yake.

La kwanza ni jicho la joto. Hili huona joto la mwili wa mtu au mnyama linapopita mbele yake. Ndilo linalopatikana zaidi, na bei yake si kubwa. Ujue ya kwamba huona vizuri zaidi mtu akikatiza mbele yake kuliko akilijia moja kwa moja. Kwa hiyo liweke kando ya njia, litazame upande wa pili. Liweke juu kiasi cha mita moja kutoka ardhini, ili kuku na paka wapite chini ya macho yake. Usilielekeze mashariki wala magharibi, kwa maana jua la asubuhi na la jioni litalipiga usoni, nalo litalia bila mtu. Lielekeze kaskazini au kusini. Kata majani marefu na matawi yaliyo mbele yake, kwa sababu tawi lililopata joto la jua likitikiswa na upepo hudhaniwa kuwa mtu. Tena jicho hili huona vizuri zaidi katika usiku wa baridi, kama ule wa Kinangop, kuliko mchana wa joto kali wa pwani, ambako ardhi na mwili wa mtu hukaribiana joto.

La pili ni jicho la mwali. Hili ni la vipande viwili vinavyotazamana kutoka nguzo mbili. Mwali usioonekana hupita kati yao, na mtu akiukata, kengele hulia. Halidanganywi upesi na joto la jua. Lakini vipande vyote viwili vyahitaji chakula, na nguzo zikiinama kidogo tu baada ya mvua, hupoteana. Ukungu mzito pia hulisumbua. Ukilinunua, chagua lenye miali miwili, ambalo halilii mpaka yote miwili ikatwe kwa pamoja, ili ndege akipita asikuamshe.

La tatu ni jicho la chuma. Hili huzikwa ardhini kando ya njia, nalo husikia chuma kikubwa kinachotembea, yaani gari au trekta. Halilii kwa mbwa, wala kwa mtu, wala kwa ng'ombe. Ni zuri kwa mwenye kutaka kujua lori limeingia. Lakini kama wezi wa kwenu huja kwa miguu, jicho hilo litalala usingizi nao watapita. Bei yake pia ni kubwa.

La nne ndilo rahisi kupita yote, na wengi hulidharau. Ni swichi ya sumaku. Kipande kimoja hufungwa kwenye mlango wa lango na cha pili kwenye nguzo. Lango likifunguka, vipande huachana na kengele hulia. Hula betri kidogo sana, kwa sababu hufanya kazi lango linapofunguliwa tu. Mtu atasema, "Lakini mwizi ataruka ua." Ni kweli, mwizi aweza kuruka ua, lakini ng'ombe wako hawezi. Ni lazima atoke kwa lango au kwa ua uliokatwa. Basi swichi ya sumaku katika lango la zizi humngoja mwizi pale pale ambapo ni lazima apite na mali yako.

Shauri letu kwa mkulima wa ng'ombe wachache ni hili. Anza na swichi ya sumaku katika lango la zizi. Ukiwa na pesa zaidi, ongeza jicho la joto katika njia ya nje, mahali ambapo ng'ombe wako hawalali. Usilielekeze jicho la joto ndani ya zizi, kwa maana ng'ombe wenyewe watakuamsha usiku kucha. Na uchague kengele yenye sauti mbalimbali, ili ujue hata ukiwa kitandani kama ni lango la barabarani au ni la zizi.

MITA ZA BOKSI SI MITA ZA SHAMBA

Boksi likiandikwa mita 400, usiamini upesi. Kipimo hicho huchukuliwa mahali peupe pasipo mti wala ukuta. Shambani kuna kilima, kuna nyumba ya mawe, kuna mahindi yaliyolowa mvua. Nusu ya kipimo hicho ni bahati njema, na mara nyingine hupati hata nusu. Kama lango lako liko mita 150, tafuta kengele iliyoandikwa mita 400 au zaidi.

Mabati ni adui mkubwa wa mawimbi ya redio. Kama kuta za nyumba yako ni za mabati, weka kengele karibu na dirisha lililoelekea langoni. Vivyo hivyo, usilifunge jicho kwenye nguzo ya chuma. Tumia nguzo ya mti, na unyoya wa redio usimame wima bila kugusa seng'enge.

Kabla ya kupiga misumari, fanya jaribio. Mtu mmoja akae nyumbani na kengele, wa pili aende langoni na jicho mkononi. Lilieni mara kumi, na ile kengele ijibu mara kumi. Ikijibu mara saba, sogeza jicho au uliinue. Rudia jaribio hilo mahindi yanapokuwa marefu, kwa maana lililosikika mwezi wa pili laweza kushindwa mwezi wa saba.

Jambo jingine ni mawimbi yenyewe. Vyombo vingi vidogo vya namna hii hutumia megahezi 433, ambazo katika sehemu yetu ya dunia, yaani Afrika na Ulaya, zimewekwa kwa kazi kama hiyo. Lakini vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani mara nyingi hutumia sehemu ya megahezi 902 mpaka 928. Huku kwetu mawimbi hayo huingilia yale ya simu za mkono. Tena chaja za Marekani ni za volti 120, na stima yetu ni ya volti 240. Chaja ya volti 120 peke yake ukiitia katika stima ya hapa itaungua papo hapo. Kwa hiyo ndugu aliye ng'ambo akitaka kukuletea zawadi, mwambie asome maandishi ya boksi kwanza.

SASA CHAKULA CHAKE

Jicho na kengele havili sawasawa. Jicho hulala karibu wakati wote na huamka kidogo tu. Kengele haina usingizi, maana ni lazima isikilize usiku na mchana. Kwa hiyo walishe mbalimbali.

Tuanze na jicho. Tuseme likilala hula sehemu ya kumi ya miliampea moja. Kwa siku moja hiyo ni miliampea-saa 2.4. Mawe mazuri ya alikali ya ukubwa wa AA yana kadiri ya miliampea-saa 2,000. Likilala tu, yatadumu zaidi ya siku 800. Lakini tuseme umeliweka mahali ambapo watoto, kuku na matawi huliamsha mara 200 kwa siku, na kila mara hutumia miliampea 30 kwa sekunde 5. Hapo huongeza zaidi ya miliampea-saa 8 kila siku, na mawe yale yale yatakwisha kwa miezi sita hivi. Waona basi kwamba kuliweka jicho mahali pazuri ni kuweka akiba ya betri.

Mawe ya bei rahisi kabisa, yale ya tochi ya kawaida, hayafai. Hufa upesi, na yakifa hutoa maji yanayokula shaba ya ndani. Nunua ya alikali. Mahali pa baridi kali panapoanguka jalidi, mawe ya lithiamu ya volti 1.5 ni bora zaidi, ingawa bei yake ni kubwa, kwa sababu baridi hailegezi nguvu zake upesi. Usichanganye mawe mapya na ya zamani. Yote yaingie pamoja na yatoke pamoja.

Mawe ya kuchajiwa yana volti 1.2 kila moja, si 1.5. Manne hutoa volti 4.8 badala ya 6. Macho mengine hukubali, mengine hukataa. Soma kitabu chake kwanza. Na kama jicho lina sola yake ya kuchaji, usitie ndani yake mawe ya kawaida yasiyochajiwa hata siku moja. Yaweza kuvuja au kupasuka.

Swichi nyingine za sumaku hutumia vijiwe vidogo vya volti 12, ambavyo havipatikani katika kila duka la kijijini. Kama ni hivyo, nunua viwili vya akiba siku ile ile, uviweke pakavu.

JUA LETU NI LA JUU

Jicho lenye sola ndogo ni zuri, lakini lina taabu moja. Jicho la joto lapenda kivuli, na sola yapenda jua. Vikiwa kitu kimoja, kimojawapo kitaumia. Kwa hiyo chagua lile ambalo sola yake hutengwa kwa waya mfupi. Jicho likae chini ya kivuli cha ua wa kayaba, na sola ipande juu penye mwanga.

Vitabu vingi vya vyombo hivi vimeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, navyo husema sola itazame kusini. Agizo hilo si letu. Ikweta hupita katikati ya Kenya, na jua letu hupita upande wa kaskazini katikati ya mwaka, kisha upande wa kusini mwisho na mwanzo wa mwaka. Sola ilale karibu tambarare, iinuliwe kidogo tu upande mmoja, kama nyuzi 10 hivi, ili mvua ioshe vumbi. Wakati wa kiangazi ifute kwa kitambaa chenye maji. Sola iliyofunikwa na vumbi ni kama ng'ombe aliyefungwa mdomo.

KULISHA KENGELE YA NYUMBANI

Kama una stima nyumbani, kengele itaunganishwa na chaja yake. Lakini stima hupotea, na usiku wa giza ndio usiku wa mwizi. Nunua kengele yenye nafasi ya betri ndani, ambayo hushika kazi yenyewe stima ikipotea.

Kama huna stima, fanya hesabu. Tuseme kengele yako hula miliampea 30 kwa volti 5. Kwa siku nzima ni miliampea-saa 720. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 haitatoa zote, maana hesabu hiyo ni ya volti 3.7 na nyingine hupotea njiani. Tegemea 6,000, yaani siku nane hivi. Lakini uangalie jambo hili ambalo limewanasa wengi: pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, kwa kudhani simu imekwisha kujaa. Utalala ukidhani unalindwa, kumbe kengele imekufa tangu saa tatu. Ijaribu mchana kutwa kabla ya kuitegemea.

Njia iliyo imara zaidi ni betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, ile iliyozibwa isiyotiwa maji. Ina wati-saa 84. Usiile yote. Tumia nusu tu, yaani 42, ili idumu miaka. Kengele hula kama wati-saa 3.6 kwa siku, na pamoja na zile zinazopotea tuseme 5. Basi betri yako ina akiba ya siku nane bila jua. Sola ya wati 5, hata ikipata jua la saa mbili tu katika mwezi wa saba wenye mawingu, hutoa kama wati-saa 10, mara mbili ya mahitaji. Mwenye uwezo anunue ya wati 10, asiwe na wasiwasi.

Kati ya sola na betri weka kontrola ya chaji. Kati ya betri na kengele weka kipunguzo cha kushusha volti 12 ziwe 5. Karibu na betri weka fyuzi, maana waya ukigusana bila fyuzi huweza kuwasha nyumba. Betri isifungiwe katika sanduku lisilopitisha hewa. Kama tayari una sola ya taa yenye tundu la kuchajia simu, huenda hata huhitaji kununua zaidi. Angalia tu kama tundu hilo hubaki na nguvu usiku kucha.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

1. Je, ni megahezi ngapi, na chaja yake ni ya volti 240?
2. Mawe yake hupatikana katika mji wetu?
3. Huonya betri inapokaribia kwisha?
4. Naweza kubadili namba yake ya siri? Katika makazi mashamba yamepakana, na jirani akinunua ya namna moja na yako, lango lake laweza kukuamsha wewe.
5. Jicho limezibwa dhidi ya mvua na vumbi? Alama IP65 ni nzuri. Hata hivyo ziba tundu la waya, maana sisimizi hupenda nyumba kavu.
6. Likishindwa kufika nyumbani kwangu, naweza kulirudisha?

Ukiisha kulifunga, weka daftari kwa juma moja. Andika kila mlio: saa gani, na ni nani aliyepita. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukiona milio mingi ya bure, usizime kengele. Tafuta tawi, tafuta mbwa, geuza jicho. Kengele inayolia mara kwa mara kwa uongo haisikilizwi siku ya kweli.

KENGELE IKILIA

Usitoke peke yako gizani na panga. Ng'ombe hununuliwa, roho hainunuliwi. Washa taa za nje, piga kelele, piga simu kwa majirani, kisha kwa polisi kwa namba 999 au 112. Patana mapema na majirani zako wa Nyumba Kumi: ni nani atapigiwa kwanza, ni nani atakwenda daraja la mto, na ni nani ana filimbi. Dakika ulizonunua hazina faida kama hakuna anayeamka. Na ng'ombe wako wawe na alama, ya moto au ya hereni sikioni, ili wakipatikana ujue kusema ni wako.

Mwisho, shika desturi hii. Kila tarehe mosi, kabla ya kwenda kukama, fungua lango mwenyewe na usikilize. Futa jicho, futa sola, angalia taa ya betri. Ni kazi ya dakika tano. Mkulima ambaye hasahau siku ya josho asisahau siku ya kengele.